Vioo Viwili vya Mchezo Mmoja

Siku ya kuagwa kwangu kazini, kijana mmoja wa karakana, ambaye simtaji kwa sababu ni fundi mzuri na ana watoto wa kulea, alisimama na chupa ya soda mkononi akasema kwamba tangu karakana yetu ianzishwe hakuna upuuzi uliowahi kufanywa kama ule wa kuweka televisheni mbili kwa mchezo mmoja. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa sherehe ilikuwa yangu. Lakini nilipofika nyumbani hasira ilinipanda, na mpaka leo haijashuka. Kijana huyo hakuwa amezaliwa wakati huo. Alisimuliwa na mtu ambaye naye alisimuliwa, na wote wamebaki na ile sehemu ya kuchekesha tu.

Kwa hiyo naandika, niwaeleze ninyi mnaobaki na meza zetu. Msitafute humu habari za vyeo. Karakana ilianza kama duka la redio, lenye mwenye duka, fundi mkuu na mimi. Cheo cha kupanda kilikuwa kimoja, na mwenyewe alikuwa amekikalia.

Niliingia dukani kwa Bwana Mavji, mjini Kisii, miaka ya mwanzo ya uhuru, kabla sijavaa suruali ndefu hata siku moja. Baba alikuwa amekufa, na mama akamfuata kabla majani hayajaota juu ya kaburi. Kwetu ni upande wa Nyakoe. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu wanne, wa mwisho akiitwa Nyakundi, bado anabebwa mgongoni. Nilirudisha vitabu vya darasa la sita. Mwalimu akavipokea akavipanga, hakuniuliza kitu. Watoto wa kwetu waliokuwa wakirudisha vitabu walikuwa wengi.

Fundi mkuu alikuwa Odera, mtu wa upande wa ziwani, mrefu, mwenye mazoea ya kuinamisha sikio juu ya redio kama daktari anayesikiliza kifua. Siku ya kwanza aliniwekea redio mbele yangu.

"Usifungue," akasema. "Niambie inaugua nini."

"Mimi sijui, fundi."

"Basi keti nayo mpaka ujue."

Niliketi nayo asubuhi yote. Mchana nikamwambia kwamba inanuka moshi.

"Moshi gani?"

"Wa kuni. Si wa waya."

"Haya, kalete brashi. Umeanza kazi."

Redio ile ilikuwa imetundikwa juu ya jiko la mtu, na masizi yalikuwa yamejaa kati ya zile sahani ndogo za kutafutia stesheni. Tuliisafisha kwa brashi ya rangi iliyokatwa ikawa fupi. Tangu siku hiyo sijafungua redio ya mtu kabla ya kuinusa, na mkinicheka kwa hilo pia, shauri yenu.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Chuma cha kulehemu cha umeme kilikuwa cha dukani. Siku za soko tulipokwenda kutengeneza huko nje, Nyakoe au Ikonge, tulibeba kile cha zamani cha kupashwa moto kwenye jiko la makaa. Mawe ya redio, yaani betri, tulipima kwa ulimi. Odera alinifundisha kutofautisha jiwe lililokufa na lililochoka tu, maana lililochoka ukilianika juani linampa mtu taarifa ya habari ya jioni, halafu linakufa na mwenyewe anakuwa ameridhika.

Kesi iliyonipa jina ilikuwa ya katekista mmoja wa Ikonge. Redio yake ilisema wakati wa mvua tu. Kiangazi ilinyamaza kabisa, na majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ina mambo. Nilizunguka nyumba nikaona waya wa ardhini umechomekwa chini ya ukingo wa paa, penye udongo mkavu kama unga. Mvua ikinyesha, udongo unalowa, waya unashika ardhi, redio inasema. Nikamwambia mke wake awe anamwaga hapo maji ya kuoshea vyombo. Akaniuliza kama maji ya mboga nayo yatafaa. Yalifaa. Redio ile ilisema mpaka wakaichoka.

Sasa nije kwa Nyakundi, kwa sababu bila yeye habari ya vioo viwili haieleweki, na ndiyo maana hao wacheshi wenu hawaielewi.

Alipokwisha kujua kukimbia, Nyakundi alikuwa mtu wangu wa mchezo. Nikirudi jioni ananirukia mgongoni kabla sijaweka chini mfuko. Tulipigana mieleka kwenye shamba la migomba, naye alijua kuuma. Halafu ukafika mwaka wa kutahiriwa kwake. Mtoto anayetahiriwa huhitaji mtu wa kusimama mahali pa baba, na kwetu hakukuwa na baba wala baba mdogo. Shangazi yetu akakata shauri. Yake ilikuwa sauti ya mwisho nyumbani, hata kuku walimwogopa.

"Wewe ndiye utasimama," akaniambia. "Na ukishasimama, umesimama. Sitaki kuwaona tena mnaburutana kwenye migomba kama mbwa."

Walio wageni kwetu wajue hivi. Sisi Wakisii tuna kitu kinaitwa chinsoni, heshima na haya kati ya baba na mwana aliyetahiriwa, na kati ya mtu na wakwe zake. Hao hawataniani, hawachezi pamoja, hawaketi bega kwa bega wakipiga kelele. Utani ni wa watu wa rika moja, au wa babu na mjukuu. Shangazi alinifanya baba wa mdogo wangu, na Nyakundi, aliyekuwa mtoto mtiifu, akaelewa upesi kuliko mimi. Aliporudi kutoka jandoni alinisalimu akiwa amesimama, mikono nyuma, akaniita tata, yaani baba. Nikaona mgongo wangu haurukiwi tena. Nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini.

Nilimlea. Alisoma. Nikiuliza alijibu, nikituma alikwenda. Lakini kama mngeniuliza anapenda nini, anacheka nini, nisingejua. Kati yetu palikuwa na maagizo na utii tu, na vyote viwili vilikuwa vizuri, wala simlaumu mtu.

Miaka ya sabini televisheni zikaanza kuonekana mjini, kwa maofisa na kwa wenye maduka. Picha zilikuwa na chenga nyingi, na kazi yangu ikawa kupanda milingoti ya mikaratusi kule Nyanchwa kugeuza antena, huku chini mama wa nyumba akipiga kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo! Umepita!" Odera alirudi kwao ziwani kupumzika, nami nikabaki fundi wa duka.

Mwisho wa miaka hiyo ndugu mmoja wa Bwana Mavji alikuja kutoka Uingereza na kisanduku cha mchezo. Mnaona leo michezo ya rangi na risasi. Huo ulikuwa kidoa kimoja cheupe, ndio mpira, kikienda na kurudi kwenye kioo cha televisheni. Kila mchezaji alikuwa na kibao chake, kamstari tu kando ya kioo, anachokipandisha na kukishusha kwa kuzungusha kidude kama cha sauti ya redio. Masafa ya kisanduku hayakuwa ya televisheni zetu, ikabidi nifungue koili na kuirekebisha mpaka kidoa kikatokea. Kilipotokea, Bwana Mavji alipiga makofi kama mtoto. Akatoa magunia kwenye stoo ya nyuma, akaweka benchi na televisheni, akafungua mlango Jumapili. Jumamosi hakuthubutu, wateja wetu wengi walikuwa Wasabato, na siku hiyo wako kanisani.

Walijaa. Lakini hawakukaa. Nilikuwapo siku Mzee Momanyi, mkulima wa chai kutoka Ikonge, alipoingia kuona hiyo ajabu. Kwenye benchi alikuwa Onchari, mume wa binti yake, ameshika kidude, shati limetoka kwenye suruali, anamwambia mwenzake:

"Nitakufunga mpaka urudi kwa mama yako akunyonyeshe!"

Akageuka, akamwona mkwe wake. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na Mzee Momanyi alikuwa ameuziba. Onchari alijifunika uso kwa kofia akatoka kupitia dirishani, na dirisha lile lilikuwa dogo. Mzee naye alirudi kinyumenyume akikohoa, akakanyaga watu. Na kila mzee alipotia kichwa Jumapili hizo, vijana walitoka, na kila kijana alipowakuta wazee wamekaa, alikumbuka kwamba ametumwa sukari.

"Fundi," Bwana Mavji akaniuliza, "kwa nini watu nakimbia? Mchezo nauma?"

Nikamweleza. Alinielewa kabla sijamaliza. Nyumbani kwake mkwe wake wa kike alivuta mtandio usoni kila yeye alipopita, naye mwenyewe alikohoa kabla ya kuingia jikoni.

"Sasa nafanya nini?"

Nikamwambia: ukuta wa mbao katikati ya stoo, televisheni ya pili upande wa pili, na mlango wa pili wa kutokea uchochoroni. Signali moja, kisanduku kimoja, mchezo mmoja, vioo viwili. Huo ndio upuuzi mnaoucheka.

Haukuwa rahisi. Kugawa waya wa antena si kazi, hilo nililimaliza kabla ya chai. Tabu ilikuwa kile kidude cha pili. Waya wake ukiurefusha upite ukutani unavuta mngurumo wa umeme, na kibao kinatetemeka kwenye kioo kama mtu mwenye malaria. Nilijaribu waya tatu za aina mbalimbali. Mwishowe nikachukua waya wa maikrofoni mbovu, ule uliovikwa wavu wa chuma, nikaulaza mbali na waya za taa, na kibao kikatulia. Ninyi mliosoma mnajua sababu. Mimi nilijua kwamba kimetulia.

Wazee wakaanza kuingia kwa uchochoroni, vijana kwa mbele. Hakuna aliyetunga sheria, ila sheria ilikuwapo: huulizi nani yuko ng'ambo. Aliitwa "upande wa pili", basi. Matusi madogo yalipita juu ya mbao, sauti zikiwa zimekazwa puani ili zisijulikane, na kila mtu alizijua.

"Upande wa pili! Umelala?"

"Silali, nakuhurumia!"

Nilimsikia Mzee Momanyi mwenyewe akicheka mpaka akaomba maji, na nikajua kwa yakini aliyekuwa anamchekesha, kwa kuwa ile kofia iliyotoka dirishani ilionekana juu ya mbao. Walipokutana barabarani baadaye waliamkiana kwa heshima zote, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake.

Wakati huo Nyakundi alikuwa amemaliza shule na amepata nafasi ya chuo cha ualimu huko pwani. Alikuwa anaondoka. Mawazo yangu yote yalikuwa hapo: kwamba mtoto niliyembeba mgongoni ataondoka hali simjui, na akirudi atakuwa mtu mzima mwenye mambo yake, na nafasi itakuwa imepita. Kumketisha na kumwambia hivyo haiwezekani. Baba haendi kwa mwanawe akamwambia, njoo tuzoeane.

Jumapili moja niliingia upande wa wazee kukaza skrubu. Mchezaji wa upande ule alikuwa ametoka, kibao kimesimama, na kutoka ng'ambo sauti ikasema:

"Mogaka wa upande wa pili, umekufa tukuzike?"

Ilikuwa sauti yake. Mogaka ni mzee. Nikashika kidude.

"Cheza, kijana. Mdomo hauhesabiwi."

Alinijua. Nilingoja kusikia benchi likisogea, mlango ukifungwa. Badala yake kidoa kilirudi kwa kasi kikanipita.

"Moja!" akasema. "Huyu mzee ana kiwiko cha mbao!"

Nilikuwa nimemsikia akisema "ndiyo, tata" miaka yote hiyo. Sikuwa nimewahi kumsikia akizomea. Kumbe alikuwa mchekeshaji, mwenye kuigiza sauti za watangazaji, na upande wake wote ulikuwa umelala chini kwa kicheko. Alinifunga vibaya. Nikamfunga mara moja, nikamuuliza kama anataka leso.

Tulicheza kila Jumapili tangu hapo. Nyumbani hatukutaja. Alinisalimu akiwa amesimama, mikono nyuma. Lakini nilipomtuma maji alikwenda akipiga mluzi wa ile sauti ya mashine mpira ukipita, nami nilijifanya sijasikia. Mtu anayeniambia kwamba televisheni ya pili haikuwa na faida aje anieleze mluzi ule aliuokota wapi.

Kisha Bwana Mavji akaugua, na duka likashikwa na mwanawe Jayant, aliyerudi kutoka masomoni. Simsemi vibaya. Alilipanga duka vizuri. Aliingia stoo siku ya kazi, akasimama upande huu akatazama kioo, akazunguka upande wa pili akatazama kioo.

"Fundi," akasema, "zote zinaonyesha kitu kimoja."

"Ndiyo."

"Kitu kile kile kabisa."

"Ndiyo, bwana mdogo. Wanaotazama ndio tofauti."

Nikamweleza kama nilivyomweleza baba yake. Alisikiliza kwa adabu, kisha akatabasamu.

"Kwa hiyo televisheni nzima inafanya kazi ya pazia."

"Inafanya kazi ya pazia, na pazia linahitajika."

"Watu watazoea, fundi. Dunia inakwenda mbele. Waliotengeneza mchezo huu walikusudia watu wawili wakae pamoja."

Waliotengeneza! Hao waliotengeneza hawakuwahi kufika Nyakoe. Hawamjui Mzee Momanyi. Walikusudia watu wawili wakae pamoja kwa kuwa kwao hao wawili wanaweza kukaa. Niliyasema haya, na pengine niliyasema kwa sauti kubwa, maana wateja waligeuka kututazama. Jayant akaniambia atafikiria.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Nyakundi nyumbani. Jumapili ile nilichelewa, nilikuwa nimepanda mlingoti wa mtu Nyanchwa. Nilipofika uchochoroni nikakuta mlango wa nyuma umepigiliwa misumari. Nikazunguka mbele. Televisheni ya pili ilikuwa kwenye dirisha la duka, na kadi ya bei. Nikaingia stoo. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, chumba kimekuwa kikubwa, benchi moja, televisheni moja, vidude viwili kando kando. Nyakundi alikuwa ameketi penye kimoja. Kingine kilikuwa wazi. Naona alikuwa amefika mapema, akakaa asijue afanye nini, akingoja sauti ya upande ambao haupo tena.

Watu walikuwa wamejaa. Jayant alikuwa mlangoni, mkarimu kabisa.

"Karibu, fundi! Kaa ucheze. Unaona? Nafasi ipo."

Mnajua nilichofanya? Niliketi. Mbele ya watu wote, karibu na mdogo wangu, bega kwa bega, nikashika kidude. Nilikuwa tayari kuvunja kila kitu shangazi alichojenga, kwa mchezo mmoja tu, kwa sababu alikuwa anaondoka.

Nyakundi alisimama. Hakusita, wala hakukunja uso. Alisimama kama nilivyomlea, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu, tata," akanipisha, akapita kati ya watu akatoka nje. Ningefanya nini? Kumwita arudi ni kumwaibisha. Kumlaumu ni kujilaumu.

Mashine haikujua kwamba hakuna mtu. Kidoa kilitoka kibao changu kikaenda ng'ambo, kikapita, ikaniandikia pointi. Kikaja kingine, kikapita. Hakuna aliyecheka. Niliketi pale mpaka mchezo ukaisha wenyewe, na namba kwenye kioo zikasema nimeshinda.

Stoo ile ilirudi kuwa ya magunia muda si mrefu, maana wazee hawakuja tena na vijana peke yao walichoka. Jayant alisema mchezo umepitwa na wakati. Ndivyo habari ilivyoandikwa vichwani mwa watu: fundi alipoteza televisheni nzima, mchezo ukafa. Hakuna anayesema ulikufa baada ya televisheni ya pili kuondolewa, wala hakuna anayeuliza.

Nyakundi alifundisha huko pwani, akaoa, ana watoto wakubwa sasa. Wanafunzi wake wa zamani huniambia kwamba darasani kwake watu walikufa kwa kicheko. Nawaamini. Akija nyumbani huniletea sukari na kikoi, husimama mlangoni mpaka nimwambie aketi, huuliza habari za ng'ombe, nami humuuliza habari za safari. Tunaheshimiana sana.